Karatasi ya Rusi Iliyobandikwa Hewani

Rusi Tenev alikufa mwezi wa Machi, siku ya kupogoa mizabibu, akiwa amekalia ndoo aliyoipindua, mkasi bado mkononi. Mkewe Stamena alidhani amesinzia. Akamfunika koti, akarudi jikoni kukoroga supu. Alipokwenda kumwita aje kula, supu ilikuwa imeiva na Rusi alikuwa ameshaondoka. Baadaye aliniambia mimi, jirani yake, "Gina, nilimfunika koti maiti ili asipigwe na baridi." Mimi nina jibu kwa kila kitu, hata kwa nisichoulizwa, lakini siku hiyo nilishika mwiko nikaikoroga ile supu tu.

Kwetu Wabulgaria mtu akifa hatupigi kengele tu tukaishia hapo. Tunachapisha karatasi yenye picha yake, jina, miaka yake, na majina ya wanaomlilia. Inabandikwa langoni, dukani, kituo cha basi, na kwenye kila nguzo aliyowahi kuiegemea. Siku ya arobaini inabandikwa nyingine, miezi sita nyingine, mwaka nyingine. Marehemu wetu anakaa barabarani anakutazama ukienda kununua chumvi, mpaka mvua imfute. Na anayebandika ni mwenye msiba mwenyewe. Ukituma mtu baki akubandikie, kijiji kitakusema mpaka siku utakapobandikwa wewe.

Basi mimi nikabeba kopo la gundi ya unga na Stamena akabeba karatasi. Tukazunguka kijiji kizima. Tulipomaliza zilikuwa zimebaki tatu.

"Zimezidi," nikasema. "Moja tumbandikie daktari mlangoni, aione kazi ya mikono yake."

Hakucheka. "Hizi ni za watu wake wa redio. Nilihesabu na wao. Sasa wale niwabandikie wapi, Gina? Hawapiti hapa."

"Kwenye antena," nikamwambia. "Si ndiyo njia yao?"

Na kweli nikaibandika moja kwenye mlingoti wa antena ya Rusi nyuma ya nyumba, pale mkono wangu ulipofika. Watoto wa kijiji niliwaambia nimepanda mpaka kileleni, mita kumi na mbili, na kwamba korongo waliokuwa wakirudi kutoka Afrika walishuka, wakaisoma, wakalia mdomo wazi. Watoto walisadiki. Baba zao pia, wawili watatu.

Lakini swali la Stamena halikuwa la mzaha, na lilimkalia kichwani mwaka mzima.

Nieleze kidogo. Rusi alikuwa mpiga simu ya upepo kwenye stesheni yetu ndogo, enzi za treni kusimama hapa. Kutwa alikuwa akigonga zile ti na taa za Morse, mlio mfupi na mlio mrefu, kwa kazi ya reli, na akirudi nyumbani anagonga tena kwa raha yake, kwa leseni yake, na mitambo aliyoijenga mwenyewe ndani ya chumba kinachopakana na jikoni. Wanaume wengine hapa walikuwa na pombe yao ya zabibu, Rusi alikuwa na redio. Stamena aliiita mke mwenza. "Mke mwenza kaamka," alikuwa akiniambia mlio ukianza. "Angalau huyu wa kwangu haombi viatu vipya."

Mlango wa treni ya mizigo uliwahi kumponda Rusi kidole gumba, majira ya baridi, akiwa kijana. Kikapona kikiwa kimepinda, na tangu hapo taa yake ikawa inaburuta mkia: taa-a, kama mtu anayeketi kitini akashusha pumzi. Hao watu wa redio hutambuana kwa mkono. Hawaonani na hawasikii sauti, lakini ukibonyeza mara tatu tu wanajua ni wewe, kama mimi ninavyomjua jirani yangu kwa jinsi anavyokokota viatu uani.

Katika wote aliokuwa akizungumza nao, mmoja alikuwa wa Jumapili saa tatu asubuhi, bila kukosa, kwa miaka ishirini na miwili. Mfini, mtu wa Ufini kule kaskazini, jina lake Eino. Hawakuwahi kuonana wala kupigiana simu. Kila mmoja alijua mwenzake amepata baridi gani, amepanda nini, meno mangapi yamebaki. Wakimaliza waligonga kila mmoja mara mbili, ti ti, kama kugonga gilasi. Na Stamena jikoni akisikia ti ti ya pili alipakua supu, maana alijua sasa mumewe atatoka. Hakujua hata herufi moja ya mambo yale. Alijua ti ti.

Jumapili ya kwanza baada ya mazishi nilikuwa kwake namenya viazi. Ilipofika saa tatu akaingia kile chumba kufuta vumbi. Nadhani aliwasha redio ya kupokelea kwa sababu saa tatu ya Jumapili ndiyo huwashwa, kama unavyoweka sahani ya mtu kabla hujakumbuka. Akatoka ameshika kitambaa kifuani.

"Anamwita."

"Nani anamwita nani?"

"Mfini. Anamwita Rusi kwa jina lake la hewani."

"Utajuaje wewe? Herufi hujui."

"Herufi sijui, jina nalijua. Limepita ukuta huu miaka thelathini na moja. Sikiliza."

Nikasikiliza. Mimi nilisikia kigong'ota tu. Lakini kiliita, kikanyamaza, kikaita tena, kikanyamaza kusubiri, na hata mimi niliyefukuzwa darasa la pili nilielewa kwamba kile kimya kilikuwa cha mtu anayetega sikio. Iliendelea robo saa. Stamena alisimama mbele ya mtambo kama mtu anayegongewa mlango na hana ufunguo.

"Mjibu basi," nikasema. "Si unabonyeza tu kile kidude?"

"Sina leseni."

"Nani atakuona? Hewa ina askari?"

"Rusi hakuwahi kubonyeza bila karatasi, Gina. Hata siku moja. Nimtie aibu udongo haujakauka?"

Siku tatu baadaye akaja Penyo, mkuu wa klabu ya redio mjini, mwanaume wa miaka hamsini mwenye kifaa cha usikivu kwenye sikio la kushoto. Mimi nilimwambia klabu ya redio kuongozwa na kiziwi ni sawa na kwaya kuongozwa na bubu, akacheka, mtu mzuri. Alikuja kuchukua kitabu cha leseni ya marehemu na kubandika kikaratasi chenye muhuri kwenye mtambo wa kurushia.

"Redio ya kupokelea utabaki nayo, shangazi," akamwambia Stamena. "Sikiliza unavyotaka. Sikio halihitaji leseni, mkono ndio unaohitaji."

"Na Eino? Kila Jumapili atamwita. Hajui."

"Nipe saa na mahali pake hewani, nitamwambia mimi. Dakika moja tu."

Stamena akamtazama. "Penyo, mama yako alipofariki, karatasi yake langoni ulimtuma nani akabandike?"

Penyo akatazama kofia yake.

"Basi," akasema Stamena. "Hiyo leseni inapatikanaje?"

Penyo alidhani ni maneno ya uchungu. Akamtajia: mtihani wa sheria, mtihani wa umeme, kupokea Morse, kutuma Morse. Kikao kijacho Oktoba. Stamena alikuwa na miaka sitini na sita na shule ya miaka saba, tena katika hiyo saba mitatu alikuwa akichunga mbuzi.

"Niletee vitabu," akasema. "Nataka kabla ya karatasi ya mwaka. Karatasi ya mwaka nitambandikia Eino mwenyewe."

Ndivyo tulivyoanza kusoma, vikongwe wawili juu ya meza ya jikoni. Yeye alisoma, mimi nikamsimamia. Nilishika kitabu, nikasoma swali kwa kidole neno baada ya neno, na jibu nikalifunika kwa kifuniko cha sufuria asichungulie.

"Ki-zui-zi," nilisoma siku moja. "Kazi yake nini?"

"Kupunguza umeme unaopita."

Nikainua kifuniko. "Umepata. Kumbe ni kama mama mkwe wangu."

Umeme ulimpa taabu. Alikuwa akilala na zile hesabu na kuamka zimemkimbia. Lakini Morse, jamani, Morse ilimjia kama mtu aliyekuwa akiijua akasahau tu. Alikuwa na mlio wote masikioni, kama sisi wanawake wa kanisani tunavyoimba sala za kale bila kujua maana yake hata neno moja. Penyo alimpa orodha ya herufi, na kila herufi aliyojifunza ilikuwa inafungua sanduku ambalo lilikuwa tayari limejaa.

"Gina," aliniambia siku moja amekaa akigonga herufi kwa kijiko juu ya mtungi wa achari, "unajua Rusi alikuwa akimwambia nini Eino kila Jumapili kabla ya ti ti? Mlio naukumbuka. Leo nimeupanga kwenye karatasi."

"Alikuwa akimwambia nini?"

"'Mke amepika.' Kila Jumapili. 'Nakwenda, mke amepika.'"

Akaenda kuegemea dirisha, na mimi nikaendelea kumenya kiazi changu mpaka kikawa punje.

Siku ya arobaini tulichemsha ngano na sukari tukagawa makaburini, na kisahani kimoja Stamena akakiweka pembeni mwa redio. Eino aliita. Mwezi wa Juni aliita. Wakati wa kuchoma pilipili hoho aliita, moshi umejaa uani na mikono yetu imebabuka, na Stamena akaacha pilipili ziungue akaenda kusikiliza. Lakini aliona kitu ambacho mimi sikukiona. Mwanzoni Eino aliita robo saa. Kiangazi dakika kumi. Karatasi ya miezi sita ilipobandikwa, dakika tano.

"Anachoka," akasema. "Ataacha, na ataacha akidhani Rusi amemnunia."

Oktoba akafanya mtihani akaanguka. Umeme. Sheria alizijua zote, na Morse hawakumpima, maana ukianguka kwenye umeme unarudishwa nyumbani hapo hapo. Alirudi na basi la mchana, akavua kitambaa cha kichwa, akaketi.

"Waliniuliza mambo ya mawimbi, nikachanganya ndefu na fupi."

"Hao wanaokuuliza wamewahi kuoka mkate?" nikamwambia. "Waambie waje hapa tuwaulize chachu."

"Nyamaza, Gina."

"Nanyamaza. Kikao kingine lini?"

"Februari."

"Basi fungua kitabu."

Baridi ya mwaka ule, sitii chumvi, ukitema mate yalikuwa yakifika chini yakiwa shanga. Antena iliota barafu nene kama mkono. Stamena alikuwa akitoka asubuhi ya Jumapili na ufito mrefu kuigonga barafu ianguke, mimi nikimshika kiunoni asiteleze, na siku moja tulianguka wote wawili tukabaki tumelala kwenye theluji tukicheka, na ndani ya kile kicheko yeye akawa analia, sikujua kiligeuka wapi. Ndani, Eino aliita mara tatu, akasubiri, akanyamaza. Mara tatu tu sasa.

Februari nilimsindikiza. Ukumbi ulikuwa na baridi, watahiniwa tisa, wanane kati yao hawajaota ndevu vizuri. Mimi waliniweka nje, lakini mlango ulikuwa na tundu la kutosha. Sheria akapita. Umeme akapita, kwa alama moja. Kupokea akapita. Ikaja zamu ya kutuma. Mbele walikaa wasahihishaji watatu, na wa katikati alikuwa mzee wa kutoka mji mkuu, Sofia, macho amefumba kama anasinzia.

Stamena akaketi, akashika kibonyezo, akaanza. Taa-a. Ti ti. Taa-a.

Yule mzee akafumbua macho. Akaweka kalamu mezani.

"Mama, nani amekufundisha?"

"Hakuna."

"Mkono huu una mwenyewe. Mtu huyu nimezungumza naye miaka. Kidole gumba kibovu."

"Mimi vidole vyangu vizima," akasema Stamena, akavionyesha vyote kumi. "Hivyo ndivyo ilivyokuwa ikisikika jikoni. Ndivyo nilivyodhani inatakiwa."

Mzee akachukua kalamu akaandika, na nilimwona Penyo, aliyekaa nyuma ya watahiniwa, akivua kofia ndani ya ukumbi ambamo kila mtu alikuwa ameivaa yake kwa baridi.

Leseni ilifika wiki ya kwanza ya Machi, na jina jipya la hewani. Mimi nilichukia. Nilitaka apewe lile la Rusi.

"La marehemu linapumzishwa miaka kadhaa," Penyo akanieleza. "Halipewi mtu."

"Hata mke?"

"Hata mke, bibi. Hewani watu wangemsikia maiti."

Ikabaki Jumapili moja kabla ya mwaka kutimia. Karatasi za mwaka zilikuwa zimeshachapwa. Nyuma ya moja Penyo alikuwa ameandika kwa penseli maneno yale yale, jina, miaka, tarehe, mke anayemlilia, kwa yale maneno mafupi ya watu wa redio ambayo Mfini na Mbulgaria na Mjapani wote huyasoma sawa. Stamena alikuwa ameyakariri. Alivaa nguo nyeusi iliyopigwa pasi. Kwenye kibonyezo alikuwa amefunga uzi mwekundu na mweupe, kama kila mmoja wetu anavyovaa mwezi wa Machi kuomba mwaka mwema. Penyo akabandua kile kikaratasi cha muhuri. Mimi nikakaa kwenye kiti cha mlangoni, nikaambiwa nisitie neno.

Saa tatu. Eino akaita. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu. Akasubiri.

Stamena akajibu. Alimwita Eino kwa jina lake, akataja jina lake mwenyewe jipya, kama sheria inavyotaka, akaachia kibonyezo.

Halafu ule mlio ukaanguka kama gunia la karanga lililopasuka, kasi, herufi zinapandana. Penyo alikuwa ameinama na kalamu, akiandika na kusoma kwa sauti:

"Rusi... Rusi, mzee wangu... wamekubadilishia jina? ... Mkono wako naujua hata kwenye kaburi... mwaka mzima nakuita... hapa wananiambia amekufa acha... nikawaambia hajafa, atarudi... niambie, uliugua? ... Rusi, niambie..."

Penyo akaacha kusoma. Mlio ukakoma. Zamu ilikuwa ya Stamena.

Yeye hakusogea. Karatasi ilikuwa mbele yake na uso wa Rusi umeangalia chini mezani.

Na hapo mimi nikatia neno. Najuta na sijuti. Nilisema, "Muache hivyo, shoga. Mtu amefurahi, muache afurahi. Sema umeugua. Kila Jumapili uwe Rusi nusu saa, unapungukiwa nini? Mimi nimeishi maisha yangu yote kwa uongo mkubwa kuliko huo na sijavunjika mguu."

"Bibi," Penyo akasema polepole, "haiwezekani."

"Hukuulizwa wewe, kiziwi!"

Stamena akatutazama, kisha akautazama mkono wake juu ya kibonyezo. Nilimwona anataka. Haki ya Mungu nilimwona. Mtu huko mbali alikuwa akizungumza na Rusi aliye hai, na Rusi huyo alikuwa chini ya vidole vyake. Hapakuwa na mtu mwingine duniani ambaye kwake Rusi alikuwa bado mzima.

"Kama nikimwambia niliugua," akasema, "atauliza Jumapili ijayo kama nimepona."

"Utasema umepona."

"Na nikifika kwenye 'nakwenda, mke amepika', huyo mke atakuwa nani?"

Akaipindua karatasi, Rusi akamtazama, akabonyeza neno la kumwambia Eino asubiri, kisha akatuma yale aliyoyakariri. Jina. Miaka sitini na minane. Tarehe. Mpiga simu ya upepo. Mke anamlilia. Herufi kwa herufi, kila taa ikiburuta mkia wake, mpaka mwisho, kama anayepitisha kiganja juu ya karatasi langoni ili gundi ishike.

Nikasikia maji yakichemka jikoni. Penyo alipapasa vitufe, akidhani hewa imefunga.

"Haijafunga," Stamena akasema. "Yupo."

Alikuwepo. Baada ya muda mrefu akaja, polepole sasa, kila neno limesimama peke yake. Penyo akasoma kwa kunong'ona. "Mkono huu wa nani?"

"Mke. Stamena."

"Asante, mama."

Basi. Stamena akagonga ti ti. Tukasubiri. Ya pili haikuja.

Jumapili iliyofuata saa tatu Eino hakuita. Stamena akamwita yeye. Hakuna. Jumapili nyingine hakuna. Watu dukani waliniuliza maendeleo, nikawaambia Stamena anazungumza na rais wa Ufini kuhusu bei ya samaki, maana nisingeweza kuwaambia anavyokaa na hedifoni za Rusi masikioni saa nzima, mgongo umenyooka, kama abiria kwenye stesheni ambayo treni imefutwa na hakuna aliyemwambia.

Mwezi wa Juni ikaja kadi kupitia Sofia, kama kadi zote za watu wa redio zinavyokuja. Upande mmoja kibanda chekundu pembeni mwa ziwa. Upande wa pili maandishi ya mkono unaotetemeka. Penyo akakaa nayo na kamusi, akatusomea:

"Mama Stamena. Nilikusikia Jumapili zote. Nakusikia vizuri mno, na hiyo ndiyo shida. Ni mkono wake. Kila ukianza namsalimia, kisha namzika. Mimi mzee, siwezi kumzika kila wiki. Nisamehe. Ukiubadilisha mkono, nitajibu. Eino."

"Ni kazi ya wiki mbili, shangazi," akasema Penyo, akifurahi kwamba kuna la kufanya. "Taa yako inaburuta. Tunaikata mkia tu. Kijana yeyote anaweza."

Wakaikata. Alikuja jioni kabla jua halijazama, mara tatu kwa wiki, na mimi nikiwa jikoni nilisikia ile taa ikifupishwa siku hadi siku, ikinyooshwa, ikisafishwa. Wiki ya pili ikatoka safi kabisa, kavu, kama askari anayepiga saluti.

Stamena akasimamisha mkono katikati ya neno.

"Ni nani huyo?" akauliza.

"Ni wewe, shangazi. Vizuri sana."

"Mtu huyo simjui."

Akavua hedifoni, akaja mpaka mlango wa jikoni, akanitazama nikiwa na mwiko mkononi, mahali pale pale alipokuwa akisimama yeye.

"Eino ana wenzake wengine hewani," akasema, mimi sijui akimwambia nani. "Rusi ana mkono huu tu."

Penyo hakubisha. Siku ile alikula kwetu na kuondoka bila kusema neno la redio.

Hiyo ni miaka sita sasa. Kwenye karatasi za kijiji Rusi ameshafutika, amekaliwa na nyuso nyingine. Ile ya kwenye mlingoti imebaki kona moja na nusu ya sikio. Leseni ya Stamena imetundikwa karibu na picha ya Mtakatifu Nikola, na kila mwaka huwa anaipangusa kabla ya mtakatifu. Kila Jumapili saa tatu anaingia chumbani na kufunga mlango. Anaita kwa jina lake mwenyewe, halali kabisa, yeyote anayetaka kumjibu. Wakati mwingine anajibiwa na mtu wa Hispania, wakati mwingine na mtu wa Georgia, wanasalimiana na kuagana. Eino hajawahi. Kama bado anasikiliza, hatujui. Kama bado yu hai, hatujui pia. Kwao hawabandiki karatasi.

Mimi nakaa jikoni. Aliniomba yeye, ile Jumapili ya kwanza baada ya kumkatalia Penyo.

"Gina, kuna kitu kimoja sikukifikiria. Nikiwa mimi ninayebonyeza, siwezi kuwa upande wa pili wa ukuta. Nakisikia masikioni, siyo ukutani. Wewe kaa pale. Uniambie kama inakuja vile vile."

Basi kila Jumapili nakaa, nakoroga, nasikiliza. Na miaka ya mwanzo ilikuja vile vile. Nikifumba macho Rusi yumo chumbani mzima na kidole chake kibovu, na nilikuwa namwambia hivyo na yeye anashusha mabega.

Sasa ana miaka sabini na tatu na mkono umeanza kutetemeka. Taa haiburuti tena, inakatika, inaungana, inakatika. Majira haya ya machipuko hata Penyo alisema kuna watu hewani wanamwomba arudie. Jumapili iliyopita ilikuwa imevunjika vunjika kiasi kwamba sikujua ni mkono wa nani, si wa Rusi, wala wa Stamena, wala wa mtu yeyote niliyewahi kumsikia.

Ti, ti.

Nikapakua supu. Akatoka, akaketi, akaficha mkono wa kulia chini ya meza.

"Je?"

"Vile vile, shoga," nikamwambia. "Kula, inapoa."